Mwenyeji Haketi

Kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia, mtu haalikwi. Siku ya mtakatifu wa nyumba inajulikana na mtaa mzima, mlango unaachwa wazi, na atakayekuja amekuja. Ndiyo maana Vida, akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, hakuwa na la kufanya zaidi ya kupika kama miaka yote na kumwomba Mtakatifu Georgi awalete watu.

"Umepika kama kuna harusi," mumewe Momir alisema kutoka mlangoni.

"Nimepika kama mwaka jana."

"Mwaka jana mambo haya hayakuwepo."

Vida aliendelea kuviringa nyama kwenye majani ya kabichi, moja baada ya jingine, akiyabana kama mtu anayefunga vidonda. Juu ya vichwa vyao, kwenye mbao za dari, hatua zilipita kutoka dirishani hadi mlangoni, zikarudi. Zilikuwa hatua za buti. Dunja, binti yao, koplo wa mawasiliano katika kambi ya hapo mjini, alikuwa halali tena bila buti miguuni, na kamba zake zimefungwa. Kila alipobadilisha mashuka Vida alikuta alama za soli, akayafua.

Mji mzima ulikwisha kusikia, kila mtu kwa namna yake. Ukweli wenyewe ulikuwa huu: mwishoni mwa Agosti, zamu ya usiku ikielekea kuisha, Sajini Veljko alimfungia Dunja ndani ya chumba cha redio akambaka. Kulipopambazuka Dunja hakwenda kwa daktari wala kwa polisi jeshi. Alimpigia simu baba yake. Momir alimkuta getini, mdomo umevimba, vifungo vya shati vimepishana, na Dunja akamweleza kila kitu ndani ya gari huku akitazama mbele.

Momir alikuwa ametengeneza malori ya kambi hiyo hiyo mpaka alipostaafu. Akafanya ambacho wanaume wa kwetu hufanya balaa likiingia nyumbani: akaenda kwa kum wake. Kum ndiye anayekushikia mtoto kanisani siku ya ubatizo. Ndugu unaweza kununiana naye miaka kumi, lakini kum hakataliwi kitu wala hashitakiwi. Na kum wa nyumba ile, aliyemshika Dunja akiwa mchanga akilia juu ya beseni la maji, alikuwa Luteni Kanali Radisav, kamanda wa kambi.

"Niachie mimi," kum alisema asubuhi ile. "Mpeleke nyumbani, aoge, apumzike. Nitalimaliza humu humu ndani."

Akapelekwa nyumbani. Akaoga. Na kum akalimaliza kweli: Veljko akapelekwa kozi mji mwingine, na uchunguzi wa ndani ukagundua kwamba koplo ana matatizo ya nidhamu. Dunja alipochoka kungoja akaenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka wa kiraia, aliambiwa jambo moja kwa upole: ushahidi wa mwili umekwenda na maji, lete basi mtu aliyekuona asubuhi ile ukamweleza. Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani. Angehojiwa Jumatatu, na slava mwaka huo iliangukia Jumapili.

Momir alikuwa hajamjibu bintiye. Akisema aliyoyaona, itabidi pia aseme alikwenda kumwambia nani, na kamanda aliyeambiwa jambo kama hilo akanyamaza, amekwisha.

*

Wa kwanza kuingia alikuwa Stanija, mjane wa nyumba ya pili, ambaye hakukosa slava ya mtu yeyote wala msiba wa mtu yeyote.

"Slava njema, mwenyeji." Akachota mlangoni kijiko cha ngano tamu ya kuchemsha, ile ya kupokelea wageni, akafanya ishara ya msalaba, akambusu Momir mara tatu, na kabla hajavua koti macho yake yakawa yamekwisha kuzunguka sebule nzima. "Mbona viti vinapumua leo? Au nimewahi?"

"Umewahi, mama Stanija," Vida alisema.

"Haya. Maana nimempita yule wa duka la mikate, amevaa suti kabisa, nikadhani anakuja huku. Kumbe anakwenda kwa akina Petković. Nao slava yao ni leo, eti. Miaka yote sikuwahi kuisikia."

Wakaja na wengine, wachache, wakakaa kwenye ncha za viti kama watu wanaongoja zamu kwa daktari wa meno. Kila mmoja alileta chupa na paketi ya kahawa, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokaa sana. Akaja Žarko, kaka yake Vida, dereva wa basi la kwenda mikoani, mtu wa tumbo na kicheko, akajaza peke yake nafasi ya watu wawili. Momir hakuketi. Siku ya slava mwenyeji haketi. Mshumaa ukiwaka yeye ni mtumishi wa wageni, anamimina, anakata nyama, anasimama. Alizunguka na jagi la mvinyo akiwamiminia watu ambao glasi zao bado zilikuwa zimejaa.

Juu, buti zilipita. Mazungumzo yakapungua, hatua zikafika dirishani, mazungumzo yakaanza tena. Baada ya muda ikawa kama desturi: watu walijua waseme lini na wanyamaze lini, na hakuna aliyeinua macho.

"Panya hao?" aliuliza mtoto wa mgeni mmoja.

"Kula," mama yake alisema.

*

Hakuna aliyetegemea kwamba kum angekuja. Ndiyo maana alipotokea mlangoni na magwanda ya sherehe na nishani kifuani, sebule nzima ilisimama, na Stanija akashusha pumzi kama mtu aliyelipa tiketi akaona pazia linafunguliwa.

"Slava njema, kum wangu," alisema Radisav, akamkumbatia Momir kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzuri wa sura, mwenye sauti ya chini, na hakuigiza mapenzi yale. "Mwaka wa ishirini na ngapi huu naingia mlango huu? Ningekosaje?"

Momir akamkabidhi kijiko cha ngano. Punje zikamwagika juu ya kiatu cha kamanda. Radisav aliinama akaziokota mwenyewe, moja moja, maana ngano ya slava haikanyagwi.

Akakalishwa kichwani mwa meza. Watu waliokuwa na haraka ya kuondoka wakasahau haraka yao. Walikula supu, wakala kabichi, akaletwa nguruwe wa kuoka, na kwa muda walizungumzia bei ya kuni. Lakini neno likishakaa kwenye koo za watu halimezwi na nyama. Stanija ndiye aliyelitema.

"Juzi kwenye televisheni walikuwa wanabishana," alisema, akiutazama mfupa kwenye sahani yake. "Mambo ya wanajeshi, yale ya wanawake na wanaume. Wengine wanasema yaamuliwe na kamanda, wengine wanasema kamanda asiyaguse kabisa. Mimi sikuelewa. Kamanda wetu upo hapa, tueleweshe."

Radisav alifuta mdomo bila haraka.

"Mama Stanija, nitakwambia kama ninavyowaambia maofisa wangu. Jambo likipelekwa mjini, linatafunwa na magazeti, na anayetafunwa kwanza ni msichana. Kule ofisini yeye ni jalada. Kambini kuna mtu anayemjua, anayemjua na yule mwingine pia. Anaweza kupima."

"Hiyo ndiyo shida," Žarko alisema huku akijimiminia rakia, pombe kali ya matunda. "Kwamba anawajua wote wawili."

"Unasemaje?"

"Mimi dereva wa basi, kamanda, usinitilie maanani. Ila nikimgonga mtu barabarani, bosi wa kampuni haji kuamua kama nina kosa. Anataka basi lirudi barabarani kesho, si ndivyo? Basi mtu huyo usimpe mizani."

Watu wakacheka kidogo, wakaangalia kama kamanda anacheka. Alikuwa anatabasamu.

"Jeshi si basi, Žarko."

"Kweli kabisa. Kwenye basi abiria akitaka kushuka anashuka."

"Na mwanamke naye," Stanija aliingilia, maana hakupenda mazungumzo yampite, "akishavaa suruali ya kijeshi ajue anaingia wapi. Mimi nasema tu."

"Marehemu mumeo alikuwa mpishi wa kambi," Žarko alimgeukia. "Siku ulipovaa aproni yake, ulijua unaingia wapi?"

Meza ikaangua kicheko, Stanija akampiga Žarko begani na kitambaa. Hapo hapo buti zikapita juu, safari hii taratibu, zikasimama sawasawa juu ya meza. Kicheko kikakatika. Kipande kidogo cha chokaa kilidondoka karibu na mshumaa.

"Mvinyo umekwisha," Momir alisema, ingawa jagi lilikuwa nusu, akaenda jikoni. Radisav akainuka akamfuata.

*

Vida alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo. Wanaume wa pale hawakuzoea kunyamaza kwa sababu mwanamke yuko kwenye sinki.

"Kesho utakwenda?" Radisav aliuliza.

"Sijui, kum."

"Ukienda, utasema ulikuja kwangu."

"Nilikuja kwako."

"Ulikuja kwa kum." Radisav alimshika kiwiko, akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake namba za siri za kufungua kabati. "Hukuja kwa kamanda. Tofauti hiyo unaiona? Mtu akija kwa kum wake analia asubuhi, hiyo si taarifa. Hakuna aliyetoa taarifa. Hivyo ndivyo nilivyoishi na jambo hili, na wewe unaweza kuishi nalo hivyo hivyo."

"Yeye haishi nalo. Unamsikia."

"Namsikia. Unadhani simsikii? Hata nyumbani kwangu namsikia." Sauti yake ilikwaruza, na kwa kitambo kile alionekana mzee kuliko Momir. "Nitampeleka mji mkuu, kazi ya ofisi, mbali na wote. Veljko hatarudi hapa, nakuapia. Wewe sema hukumbuki vizuri. Mtu wa umri wako kusahau si dhambi. Nimebakiza majira ya baridi tu nistaafu, Momir. Nilimshika mwanao kwa mikono hii."

Vida akafungua bomba. Maji yakapiga beseni kwa nguvu, na Momir akashtuka, mabega yakapanda mpaka masikioni. Tangu Agosti alikuwa hawezi kusikia maji yakijaa kitu. Asubuhi ile ni yeye aliyefungua bomba la bafuni. Alipima joto la maji kwa kiwiko, kama alivyompimia alipokuwa mtoto, ili yasimuunguze.

"Kata hayo maji," alisema.

Vida aliyakata. Akajifuta mikono, akachukua sinia la nyama lililokuwa tayari, akapita katikati yao bila kuomba njia.

*

Aliweka sinia mezani. Hakurudi jikoni. Alisimama pale akingoja mpaka Radisav aketi tena kwenye kiti chake, na Momir atokeze na jagi.

"Kum Radisav," alisema, "mimi mwanamke wa jikoni, nieleweshe kitu. Asubuhi ile mume wangu alipokuja kwako, alikwambia nini?"

"Vida, mpenzi, hapa si mahali pake."

"Kambini walimwambia mwanangu si mahali pake. Kwa padri niliambiwa si mahali pake. Basi nimekuuliza hapa, mbele ya watu wetu na mshumaa unawaka. Alikwambia nini?"

Radisav aliutazama mshumaa, kisha nishani zake, kisha watu waliokuwa wakimtazama, wengi wao wazazi na wake za askari wake.

"Aliniambia mtoto anaumwa," alisema. "Nikamwambia ampumzishe."

Shingo zote zikamgeukia Momir. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha kum wake, kitambaa cheupe mkononi kama mhudumu wa hoteli. Kwenye ngazi, kati ya nguzo za mbao, zilionekana buti mbili nyeusi zimesimama kwenye kidato kimoja.

Momir akaweka jagi chini. Akavuta kiti kimojawapo kati ya vile vilivyokuwa havikupata mtu, akaketi.

Stanija akafanya ishara ya msalaba. Wapo waliokuwa wameona slava za vita na slava za msiba, lakini hakuna aliyewahi kumwona mwenyeji akiketi mshumaa ukiwa unawaka.

"Momir, simama," Radisav alisema, kwa sauti ndogo, na hofu iliyokuwamo ilikuwa ya kweli. "Usifanye hivyo. Mwenyeji haketi."

"Nikiwa nimesimama wewe ni mgeni wangu, na mgeni siwezi kumwambia kitu." Momir aliweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza, ikatulia. "Mwongo wewe. Nilikwambia Veljko amembaka mwanangu. Neno hilo hilo, sikulizungusha. Ulikuwa unamimina kahawa, ukaimwaga mpaka kwenye kisahani. Ukasema akaoge. Nami nikaenda nikamfungulia maji."

Alitazama kwenye ngazi. Buti zikageuka, zikapanda, na mlango wa juu ukafungwa, si kwa kishindo.

Radisav alisimama akavaa kofia yake. Aliiweka sawa kwa vidole viwili, kama anavyoiweka mbele ya gwaride.

"Kuanzia leo, mimi na nyumba hii si kum," alisema.

Vida alimletea koti. Alimshikia, kama mgeni yeyote, mpaka mikono yote miwili ikapita.

Baada yake wengine waliondoka haraka, wakipishana mlangoni bila kubusiana. Stanija alichelewa kidogo. Aliomba afungiwe kabichi, maana chakula cha slava kikitupwa ni laana, akaondoka na bakuli amelikumbatia. Giza halijaingia, mji mzima ulikwisha kujua nani aliketi na nani alisimama. Žarko peke yake alibaki, akakunja mikono ya shati akaosha vyombo, bila utani wowote.

*

Jumatatu Dunja alishuka amevaa gauni la kijivu na buti. Akaingia kwenye gari akakaa kiti cha nyuma. Momir alimwona kwenye kioo kidogo, akageuza kioo pembeni, kisha akakirudisha kwa sababu bila hicho hakuweza kuendesha.

Walipita mbele ya geti la kambi, maana njia ni hiyo tu. Askari wa lindo alimtambua mzee, mkono ukaanza kupanda kumpigia saluti, ukashuka njiani.

Mtoni ndipo Dunja alipozungumza.

"Jana ulisema mbele ya watu wanaokujua. Leo watakuuliza kwa nini ulinyamaza muda wote huo."

"Najua."

"Utasema nini?"

"Kwamba nilimwogopa."

"Hukumwogopa, baba. Ulimpenda."

Momir aliendesha mpaka daraja likaisha.

"Nitasema hivyo," alisema.

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa na ukumbi mrefu na benchi moja. Mwanamke aliyeshika kalamu alimwuliza Momir jina, akaliandika, akamtazama msichana, akatazama jina tena.

"Na wewe, mzee, ni nani wake?"

Momir akafungua mdomo. Dunja ndiye aliyejibu.

"Shahidi."

"Naona jina la ukoo ni moja."

"Andika shahidi," Dunja alisema. "Hayo mengine mimi na yeye bado."

Mwanamke akaandika. Mlango ukafunguliwa, Momir akaitwa. Akavua kofia, akasita kidogo kama anangoja kuambiwa neno, hakuambiwa, akaingia.

Dunja alibaki kwenye benchi. Kupitia mlango maneno hayakusikika, sauti tu ilisikika, ile sauti nzito ya karakana, ikianza, ikikwama, ikinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Kisha ikaanza tena, chini zaidi, na safari hii ikaendelea.